Kibali cha kazi kina historia ndefu, tuulizeni sisi wa Mirongo

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi. Sikuumwa wala sikufukuzwa kazi (ingawa mhariri wangu ananitazama siku hizi kwa jicho nisilolipenda). Nilikuwa natafuta karatasi.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni mhandisi wa umeme huko Uingereza. Aliondoka Mwanza Agosti 2023 akiwa na kibali cha miaka 3 cha mfanyakazi mwenye ujuzi. Piga hesabu mwenyewe: kinaisha Agosti 2026. Mwajiri wake amesema yuko tayari kumdhamini tena, ila watu wa utumishi wanataka kuona upya vyeti vyake halisi na barua za waajiri wake wa zamani. Sasa vyeti hivyo viko wapi? Viko Mirongo kwa Bibi, kwenye sanduku la bati lililoko uvunguni. Kazi ya kuvitafuta, kuviskani na kuvituma nikatwishwa mimi, kwa kuwa, nanukuu ujumbe wake, "wewe ndiye msomi uliyebaki nyumbani". Nilinuna nusu siku. Kisha nikapanda daladala.

Kwa msioijua Mwanza, Mirongo ni jina la mto na ni jina la mtaa pia. Mto wenyewe unakatiza jijini na kumwaga maji yake Ziwa Victoria, na siku ya mvua kubwa unabeba kila kitu ambacho jiji limekichoka. (Uchafu wa mto huu nimeuandika sana, leo nauacha upite.) Bibi anaishi hapo tangu 1964. Nilimkuta kibarazani anachambua choroko.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekula?"

Baada ya kula ndipo ukaruhusiwa kusema shida yako, ndiyo sheria ya nyumba ile. Nikamweleza habari za kaka, kibali, udhamini, vyeti. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo anarudi?"

"Hapana Bibi. Anaomba aongezewe muda."

"Aa. Kama babu yako."

Nikadhani amechanganya mambo. Babu hajawahi kufika Ulaya. Safari yake ndefu kuliko zote maishani ilikuwa ya meli, kutoka Kisumu mpaka Mwanza. Bibi akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na vyeti vya kaka pamoja na bahasha ya kaki ambayo sikuwahi kuiona. Ndani yake mlikuwa na barua ya uhamisho ya mwaka 1964, mistari mitatu ya Kiingereza na sahihi isiyosomeka. Chini ya barua hiyo palikuwa na karatasi nyingine, hizi za miaka ya mwishoni mwa 1970, zenye mihuri ya uhamiaji iliyogongwa moja juu ya nyingine. Kibali cha kuishi, kimeongezwa. Kimeongezwa tena. Na ya mwisho kabisa, cheti cha uraia.

Hapo nikasahau shida za kaka kwa muda, nikaketi.

Ngoja niwapeni picha kamili. Babu alizaliwa upande wa Kisumu. Alikuwa fundi wa mitambo ya meli katika shirika la East African Railways and Harbours, lile lililoundwa mwaka 1948 baada ya kuunganishwa reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika. Kwa mtumishi wa shirika hilo ziwa lilikuwa sehemu moja ya kazi: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Mwaka 1961 ilipoanza kazi meli ya Victoria, iliyojengwa Scotland na kuunganishwa Kisumu, ilizunguka bandari zote hizo ikiwa na mabaharia na mafundi wa nchi tatu. Mtu akihitajika Mwanza anaandikiwa barua kama ile niliyoishika, anafunga kitanda chake na sufuria zake, anapanda meli. Bibi anasema yeye alikuja na mtoto mgongoni na kuku wawili. Hakuna aliyemuuliza kibali, si chake wala cha kuku.

Mwaka 1967 mambo yakazidi kunoga kwenye makaratasi. Juni 6 mwaka huo Nyerere, Kenyatta na Obote walitia sahihi mkataba mjini Kampala, na Desemba 1 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza, makao yake makuu Arusha. Reli, bandari, posta na simu, ndege, vyote vikawa vya wote watatu. Miaka 10 baadaye ikavunjika. Sababu zake mnazijua: Amin aliyepindua serikali Uganda 1971 na Nyerere asiyetaka hata kukaa naye meza moja, Kenya ya kibepari na Tanzania ya Azimio la Arusha, ugomvi wa nani anadaiwa na nani. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege likafa, na Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ndege, mabehewa na meli zikawa kila mmoja anashika kilichoko kwake. Meli ya Victoria ikabaki kwetu. Zile mbili za kubeba mabehewa, Uhuru ikaenda kwa Kenya na Umoja ikabaki kwa Tanzania. Wao wakapata Uhuru, sisi tukapata Umoja. Mimi sisemi kitu.

Mali ziligawanywa hivyo, lakini watu je? Babu hakuhama. Nyumba ile ile ya Mirongo, karakana ile ile bandarini, bisibisi zile zile. Alilala mtumishi wa Jumuiya, akaamka mgeni. Wenzake wengi wa Kenya walirudi kwao na familia zao. Yeye alikuwa na mke aliyekwisha kuzoea Mwanza, watoto shuleni, na wakubwa wa kazi ambao hawakutaka aondoke kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeijua mitambo ile kama yeye. Basi akaambiwa aombe kibali. Bibi anakumbuka kwamba kila muda ulipokaribia kwisha Babu alivaa suti ya harusi, akabeba barua ya mkubwa wake wa kazi, akaenda ofisini asubuhi sana. "Alikuwa anarudi jioni hana maneno. Akirudi na karatasi anachinja jogoo. Akirudi bila karatasi tunakula hivyo hivyo."

Suti ile ilimsumbua mpaka alipopata uraia mwaka 1982. Uraia huo ukawa na faida ambayo wakati anauomba hakuijua. Mei 14, 1984 nchi tatu zilitia sahihi makubaliano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa, baada ya usuluhishi wa mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, na moja ya mambo waliyokubaliana ni kila nchi ibebe pensheni za raia wake. Kwa maneno mengine pasipoti ya mzee ndiyo ikawa inaamua nani anadaiwa jasho lake. (Wale wazee wa iliyokuwa Jumuiya mliokuwa mkiwaona wanaandamana Dar miaka ya 2000 walikuwa wanadai habari iliyoanzia hapo.)

Nilipotoka Mirongo siku ile nilikuwa na swali kichwani. Nani aligundua jambo hili, kwamba mtu aruhusiwe kufanya kazi mahali kwa muda, kwa sababu ya kile anachojua kufanya kwa mikono yake, na muda ukiisha ajieleze upya? Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, na kama kuna mwanahistoria hapa anisahihishe.

Kwenye ziwa letu, wa kwanza kuletwa kwa mtindo huo pengine ni Wahindi wa reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta kama watu 32,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa mpaka ziwani. Walikuwemo vibarua, lakini walikuwemo waashi, maseremala, wahunzi na makarani, kazi ambazo mkoloni aliona ni rahisi kuwaleta watu wenye ujuzi kuliko kuufundisha hapa. Walisaini mkataba wa miaka 3, nauli ya kurudi ikiwemo. Kama 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao muda ulipoisha, lakini wachache, kama 6,700, hawakupanda meli ya kurudi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 dunia ya ziwa ikabadilika, na ile ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928 nasi tukaingia kwenye mchezo.

Sisi wenyewe tulikuwa na mikataba yetu. Wasukuma na Wanyamwezi wameyatembelea mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro tangu enzi za Mjerumani. Huko mtu alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi alizotakiwa kuzimaliza ndani ya siku 42, kila siku ikiwekewa alama. Na wale waliosajiliwa na mawakala waliitwa manamba, kwa sababu walijulikana kwa namba. Jina lako lilibaki kijijini. Naomba mlikumbuke neno hilo, manamba, tutalirudia.

Sasa twende Uingereza, maana ndiko aliko kaka. Hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza kweli. Mtanganyika aliyekuwa na nauli mwaka 1961 angeweza kuingia Uingereza akatafuta kazi bila kumwomba mtu. Raia yeyote wa Jumuiya ya Madola alikuwa na haki hiyo. Tukapata Uhuru Desemba 9, 1961. Julai 1, 1962 sheria mpya ikaanza kutumika, mlango ukafungwa. Hata miezi 7 haikutimia! Tangu hapo aliyetaka kwenda kufanya kazi alihitaji hati kutoka wizara yao ya kazi, na hati zilikuwa za aina tatu: A kwa mwenye kazi inayomsubiri, B kwa mwenye ujuzi unaotakiwa, C kwa wengine wote. Mwaka 1965 hati C zikafutwa. Kwa hiyo huyu "mfanyakazi mwenye ujuzi" mnayemsikia leo ana zaidi ya miaka 60. Alizaliwa siku alipokataliwa yule asiye na ujuzi.

Halafu ikaja 1968, na hii inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963 iliwapa wakazi wenye asili ya Asia miaka 2 ya kuamua kama wanataka uraia. Wengi hawakuomba, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwishoni mwa 1967 Kenya ikapitisha sheria ya uhamiaji na ya leseni za biashara: asiye raia aombe kibali cha kufanya kazi, na atapewa tu kama hakuna Mkenya wa kuifanya kazi hiyo. Fikiria karani aliyezaliwa Nairobi, ghafla anaambiwa alete uthibitisho kwamba hakuna mwingine anayeweza kuandika hesabu. Wakaanza kupanda ndege kwenda London kwa pasipoti zao halali. London ikashtuka, ikatunga sheria nyingine ndani ya siku 3, na Machi 1, 1968 ikaanza kutumika. Mwenye pasipoti ya Uingereza ambaye hana mzazi wala babu wa kule asiingie mpaka apate hati maalumu, na hati zilizotengwa zilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Huku hana kibali cha kazi, kule hana ruhusa ya kuingia, mkononi ana pasipoti nzuri yenye taji. Kuna watu walikuwa wanarushwa kwa ndege kutoka uwanja mmoja hadi mwingine kama mpira.

Msije mkadhani ni Waasia peke yao. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliamuru wafanyakazi wasio raia waondoke Uganda, na Wakenya wanaokadiriwa kufikia 30,000, wengi wao Wajaluo, wakarudi Kisumu na viunga vyake wakiwa na mabegi. Ndugu wa Babu walikuwemo. Wakati huo Jumuiya ilikuwa bado hai, makao makuu Arusha yanawaka taa! Miaka 2 baadaye, Agosti 1972, Amin akawapa Waasia siku 90. Huyo anajulikana zaidi kwa sababu filamu zimetengenezwa. Wajaluo wa 1970 hakuna aliyewatengenezea filamu.

Na sisi Watanzania? Tusijifanye malaika. Julai 2013 wageni waliokuwa wakiishi bila vibali mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma walipewa wiki 2 za kuondoka kwa hiari, kisha ikafuata Operesheni Kimbunga. Miongoni mwa walioondoka walikuwemo watu waliokaa miongo kadhaa, wameoa hapa, wamezikia hapa. Mwaka 2015 likaja suala la kazi za kitaalamu: Bunge likapitisha sheria namba 1 ya ajira za wageni. Sheria hiyo ikampa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kibali cha kazi, uhamiaji wakabaki na kibali cha ukaazi. Ilipotungwa iliweka kibali cha kazi cha miezi 24, kinachoweza kuongezwa, jumla isizidi miaka 5 kwa mwajiriwa wa kawaida. Na mwajiri akatakiwa aonyeshe mpango wa jinsi Mtanzania atakavyorithi ujuzi wa huyo mgeni.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari pale Nyegezi niliwahi kutumwa kuandika habari za kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Mwanza tuna viwanda hivyo tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Nikamkuta fundi wa mitambo ya kugandisha samaki, kutoka India, mtu wa makamo, anaongea Kiswahili cha sokoni safi kabisa. Alikuwa anaandaa maombi ya kuongeza muda. Pembeni yake walikuwa wamesimama vijana wawili wa Kisukuma wenye madaftari, ambao kwa mujibu wa karatasi ndio waliotakiwa kumrithi. Nikamuuliza, hivi ukiwafundisha vizuri si unajifukuzisha kazi? Akacheka. Akasema, "Nikifundisha vibaya mashine inakufa, nafukuzwa leo. Nikifundisha vizuri nafukuzwa baada ya miaka 2." Nukuu hiyo mhariri aliikata. Nimeitunza mpaka leo.

Narudi kwa kaka. Kuomba upya kuna hofu yake ambayo aliyeko nyumbani haioni. Sisi tunadhani mtu akishafika amefika. Kumbe masharti uliyoingia nayo si lazima yawe masharti utakayoongezewa nayo. Yametokea hayo. Januari 2002 Uingereza ilianzisha mpango wa wahamiaji wenye ujuzi wa juu, mtu anahesabiwa pointi za elimu, uzoefu na kipato, anaingia hata bila kazi mkononi. Madaktari, wahasibu, wataalamu wa kompyuta wakauza magari na nyumba kwao, wakaenda. Novemba 2006 hesabu ya pointi ikabadilishwa, na mabadiliko yakawakumba hata waliokwisha kuwa ndani, siku yao ya kuomba nyongeza ilipofika. Waliotosha wakaonekana hawatoshi. Wakaungana, wakaenda mahakamani, na Aprili 2008 Mahakama Kuu ikasema serikali haikuwa na haki ya kuwageuzia masharti watu walioitikia mwaliko wake. Walishinda, naam. Lakini walioshindwa kusubiri walikuwa wameshaondoka.

Mwaka huo huo 2008 ukaja mfumo mpya wa pointi, na Desemba 1, 2020, baada ya wao kujitoa Umoja wa Ulaya, ikaja njia hii aliyopitia kaka. Alipoingia yeye kiwango cha chini cha mshahara kilikuwa pauni 26,200 kwa mwaka. Aprili 2024 kikapandishwa hadi 38,700. Julai 2025 kikawa 41,700. Waliokuwa ndani kabla ya Aprili 2024 wakawekewa kiwango chao cha chini zaidi, pauni 31,300, ilimradi pia mshahara ufikie kiwango cha kazi yenyewe. Kaka yuko juu ya hapo, kidogo. "Kidogo" hiyo ndiyo inayomkosesha usingizi.

Kuna na ada ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa kibali na 776 kwa mtoto, inalipwa yote kwa mkupuo. Yeye, mkewe na mtoto wao mmoja, kwa miaka 3, inafika pauni 8,538. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 25 kabla hujagusa ada ya maombi yenyewe. Mtu unayemwita "yuko Ulaya, atume hela" yuko kwenye mchezo wa upatu na wenzake, zamu yake waliisogeza mbele kwa huruma. Na miaka 5 ya kufikia ukaazi wa kudumu, aliyokuwa anaihesabu kwa vidole, Mei 2025 serikali yao ilitangaza nia ya kuifanya 10.

Lakini kilichonigusa zaidi ni hiki. Nilimuuliza, huo udhamini wa mwajiri unafananaje, una muhuri? Akacheka. Akasema siku hizi hauna karatasi. Mwajiri anaingia kwenye mtandao wa serikali, inatoka namba, na hiyo namba ndiyo udhamini. Kibali chenyewe nacho hakina karatasi: kadi walizokuwa nazo zilikoma kutumika mwisho wa 2024, siku hizi ni akaunti mtandaoni. Na kampuni ikipoteza leseni ya kudhamini, au ikikuachisha, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mdhamini mwingine au uondoke. Amin alitoa 90. (Najua, najua, si jambo moja. Hawa hawakunyang'anyi duka wala hawakupigi vizuizini. Nahesabu siku tu.)

Nilipomsimulia Bibi habari za namba alisema bila kufikiri: "Kumbe ni manamba." Sikumfundisha, neno lake mwenyewe.

Jumapili iliyopita tukampigia kaka kwa video, nimekaa na Bibi kibarazani. Vyeti vimefika, mwajiri karidhika, kilichobaki ni kujaza maombi. Bibi akamuuliza anakuja lini, maana ameshafikisha miaka 84 na jicho moja halioni vizuri. Kaka akaanza kueleza. Kwamba akishawasilisha maombi anaruhusiwa kuendelea kuishi na kufanya kazi hadi ajibiwe, hata kama tarehe ya kibali cha zamani imepita. Kwamba majibu huchukua kama wiki 8, pengine zaidi. Ila akitoka nje ya nchi katikati ya kusubiri, maombi yanahesabika ameyaondoa mwenyewe. Pesa, kazi, kila kitu kinaweza kwenda na maji. Kwa hiyo pengine mwakani, Bibi, mambo yakitulia.

Bibi akanyamaza kidogo. Halafu akamweleza kitu ambacho hata mama zetu hawajawahi kukisikia. Mwaka 1979 baba yake Babu alifariki huko Kisumu. Mpaka ulikuwa bado umefungwa, ulikuja kufunguliwa mwishoni mwa 1983. Watu walikuwa wakipita Sirari kwa njia za panya, na rafiki zake walimshauri apite. Lakini karatasi zake zilikuwa ofisini zinasubiri muhuri. Akaogopa, wakimkamata njiani, hatazipata tena, na watoto wapo shule. Hakwenda. Matanga yalifanyika Mirongo, bila maiti, wakakaa siku 4 na majirani. Bibi anasema Babu aliendelea kwenda kazini siku zote hizo 4, anarudi jioni anaketi na waombolezaji, mikono ina grisi.

"Sikukwambii uache kazi yako, baba," Bibi akamwambia. "Nakwambia uhesabu vizuri."

Simu ikawa kimya, nikafikiri mtandao umekata. Kumbe yupo, anaangalia kalenda. Akaanza kuhesabu kwa sauti: kibali kinaisha Agosti, maombi anaweza kuyawasilisha hata Juni, kabla hajawasilisha yuko huru kusafiri na kurudi. Likizo anazo siku 11. Nauli ya Mei si kama ya Desemba. Atakuja peke yake, mke na mtoto watabaki, hela haitoshi wote. Atashuka Dar, achukue ndege ya asubuhi kuja Mwanza.

Bibi akanirudishia bahasha ya kaki nikaiweke mahali pake, chini kabisa, na vyeti vya kaka juu yake. Kisha akauliza kama kuku wa kienyeji bado wanauzwa pale Mlango Mmoja kwa bei ya zamani, au nao wamepanda.